Ami yangu na mtepe wa Beit al-Ajaib

Ami yangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini Nungwi, kaskazini ya Unguja, na mjini haji ila akiishiwa misumari. Siku hiyo alishanunua Darajani, akanipitia. Nikamwambia twende Beit al-Ajaib, kuna mtepe, chombo cha kale cha kushonwa. "Mtepe gani? Mitepe imekwisha zamani," akasema, huku keshaanza kutembea. Wakati ule jumba hilo la makumbusho lilikuwa bado linapokea wageni. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020.

Nilikuwa nasomea ualimu wa fizikia, nimepewa kazi ya kuandika juu ya makumbusho ya sayansi na ufundi. Daftari limejaa: Deutsches Museum ya Munich, aliyoianzisha mhandisi Oskar von Miller mwaka 1903, Chicago, ambako tangu 1933 watu hulipa kiingilio wakateremshwa kwenye mgodi wa makaa wa kuigiza, San Francisco, ambako mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua jumba mwaka 1969 watu waguse na kuchezea vitu wenyewe. Unguja haikuwemo.

Na Beit al-Ajaib lenyewe lilikuwa onyesho la ufundi tangu Sultan Barghash alijenge mwaka 1883: nguzo za chuma, kisha taa za umeme, kisha lifti. Ami hayo hayakumshughulisha. Alinyoosha moja kwa moja mpaka uani, ulipokuwa mtepe.

Mtepe hauna msumari hata mmoja. Mbao hutobolewa kwa keekee, zikashonwa kwa kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, matundu yakazibwa kwa vijiti. Ami alichuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akaivuta kamba kidogo kama anayeonja kitu. Mlinzi akaja mbio.

"Mzee, hairuhusiwi kugusa."

Ami hakuinua kichwa. "Njoo hapa, mwanangu. Unajua kwa nini wameshona?"

Mlinzi akainama. Chombo cha misumari, ami akamwambia, kikipanda mwamba ubao hupasuka; hiki hunepa, kikajinasua. Lakini kina tabu yake, maji hayaishi kuingia, lazima daima pawe na mtu wa kufua maji. Akaeleza makumbi yanavyofukiwa pwani mpaka yaoze, yakapondwa, yakasokotwa kamba, na kamba nayo ikichoka chombo hushonwa upya. Watoto wa skuli waliokuwa wakisukumana kwenye ngazi wakateremka. Mmoja akauliza tanga lilikuwa la nini. "Mkeka," ami akasema, na mtoto akacheka akidhani anataniwa. Ikabidi mlinzi amthibitishie, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa chomboni!

San Francisco wanaajiri vijana wa kusimama kando ya maonyesho na kuzungumza na wageni. Sisi tulipata wa bure, na furushi lake la misumari kwapani.

Tulipokuwa tukipanda juu nikamsimulia ya Munich: wanacho chombo cha wavuvi, Maria, kilichoundwa mwaka 1880, na wamekikata ubavu watu waone ndani.

"Wamekikata? Kizima?"

"Kizima."

Alinuna ngazi kadhaa, kisha akasema basi angalau mataruma, mbavu za chombo, yanaonekana. Habari ya mgodi wa Chicago ndiyo iliyomshinda. "Mchimba makaa hulipwa aingie shimoni, wao wanatoa pesa zao!" Aliirudia hata kwenye daladala, akimwambia abiria asiyemjua.

Usiku niliandika kazi yangu upya, Munich na Chicago nikazipunguza, ami akachukua karibu nusu. Mwalimu aliirudisha na wino mwekundu pembeni mwa habari ya kunepa: "Umeitoa wapi?" Nikamwandikia: "Nungwi," na jina la ami.