Mungu fundi, na nyigu wa dirishani

Leo ni siku ya nane silifungi dirisha lililo karibu na meza yangu. Kuna nyigu anajenga kwenye fremu, kona ya juu, na nikilifunga nitamvunjia nyumba. Ni wale wenye kiuno chembamba kama uzi, wanaojenga kwa udongo. Mara ya kwanza niliposikia mlio wake nilidhani ni simu inatetemeka mezani. Kumbe ndivyo anavyopaka. Anakuja na kidonge cha tope kati ya taya, anakigandamiza ukingoni, halafu anatetemesha mwili mzima huku akilia, na tope linalainika na kutandazika. Kila kidonge kinaacha utepe uliopinda, mmoja upande huu, unaofuata upande ule, na tepe hizo zimekutana juu ya mgongo wa kile kibomba kwa mshono mmoja wa mishazari, kama mkeka.

Niliutazama mshono ule, mdomo ukatamka wenyewe: Mungu fundi.

Maneno mawili tu, kitenzi hakuna. Lakini humo ndani imekunjwa hoja nzima ambayo wanafalsafa wameigombania kwa zaidi ya miaka elfu mbili: viumbe vimepangika kama kazi ya mikono, kazi ya mikono haikosi mwenyewe, basi na viumbe vina mwenyewe. Xenophon, mwandishi wa Ugiriki ya kale, anasimulia mwanafalsafa Socrates akiieleza kwa kutumia kope. Jicho ni laini, likapewa kope mithili ya milango, zinafunguka tunapolihitaji na kufungwa tunapolala, na nywele zake zikawa chujio la kuzuia upepo. Karne kadhaa baadaye Cicero, mwandishi wa Roma, akamweka mmoja wa wahusika wake aseme hivi: anayeamini ulimwengu umejipanga kwa bahati tu, basi aamini pia kwamba ukimwaga herufi nyingi chini zitajipanga ziwe shairi refu linalosomeka.

Mimi nilipokuwa na miaka ishirini na kitu niliitumia hoja hii kama rungu. Silaha yangu ilikuwa saa ya William Paley, kasisi wa Uingereza, ya mwaka 1802. Unapita nyikani, unajikwaa kwenye jiwe. Ukiulizwa limetoka wapi, utasema pengine lilikuwa hapo siku zote. Lakini ukiikuta saa, na ndani yake magurudumu yaliyosagwa meno yakashikana, na springi, na kioo juu ili mishale ionekane, jibu la jiwe halikutoshi tena. Nilikuwa nikifika kwenye kile kioo natulia kidogo, namwangalia ninayebishana naye, ninamalizia: na jicho lako je? Nilishinda mabishano mengi. Sikumbuki kama nilimbadilisha mtu hata mmoja.

Siku hizi watu humcheka Paley, na mimi napenda kumtetea kidogo. Hakuwa mjinga. Mtu akimwambia viumbe huzaana na saa hazizai, alikwisha kulifikiria: tuseme saa hiyo inaweza kuzaa saa nyingine, je, hapo si utastaajabu zaidi kwa fundi aliyebuni saa yenye uzazi? Kinachonisumbua kwake ni lile jiwe. Ikiwa kila kitu ulimwenguni kimeumbwa, basi na jiwe limeumbwa, na nyika yote pia. Hoja inaonekana kali kwa sababu saa imetofautishwa na kitu ambacho, kwa imani ya mwenye hoja mwenyewe, nacho kina mtengenezaji. Nililiona hilo nikiwa peke yangu, usiku mmoja, na nilishukuru kwamba hakuna niliyekuwa nikibishana naye.

Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti ndiye aliyeibana hoja hii barabara. Kitabu chake cha mazungumzo juu ya dini kilitoka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake na 23 kabla ya saa ya Paley, kwa hiyo jibu lilimtangulia swali njiani. Tunajuaje kwamba nyumba ina mjenzi? Kwa sababu tumeona nyumba zikijengwa, nyingi, tangu utotoni. Ulimwengu tunaujua mmoja tu, na hakuna aliyekuwapo ukijengwa. Kisha anamwachia mhusika wake Philo azidi kuchokoza. Haya, tukubali yupo fundi. Ni fundi wa namna gani? Huenda ni mwanagenzi, na dunia hii ndiyo kazi yake ya kwanza, akaiona ina kasoro akaitelekeza kwa aibu. Huenda wako wengi, kama watu wanavyoshirikiana kuunda chombo kimoja. Huenda ni mwigaji tu, na dunia nyingi ziliharibika mikononi mwa wenzake kabla ya hii kukaa sawa.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikasirika kwa niaba ya Mungu, kana kwamba Yeye amenituma.

Sasa nacheka, maana neno letu wenyewe limebeba mtego uleule. Fundi si Muumba. Fundi hukuta mbao, hukuta kitambaa, hukuta udongo. Awe hodari namna gani, atafanya kazi na alichokikuta. Muumba hakukuta kitu. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alilisema hilo mwaka 1781 kwa lugha nzito zaidi: hoja hii ni ya kale, iko wazi, inastahili kutajwa kwa heshima siku zote, lakini ikijitahidi sana itatufikisha kwa msanifu anayebanwa na malighafi yake, si kwa muumba wa kila kitu. Ninaposali namwita Muumba, ninaposhangaa namtaja fundi. Miaka yote hiyo sikuwahi kuyasimamisha majina haya mawili pamoja nikayauliza kama ni ya mmoja.

Siku ya nne ndipo nilipojua kinachoingia ndani ya kile kibomba. Nyigu alikuja akiruka kwa uzito, amekumbatia kitu cha rangi ya majani mabichi, akajipenyeza nacho mlangoni. Buibui. Akamsukuma ndani kwa kichwa, akatoka, akaenda kutafuta mwingine. Nilihesabu saba asubuhi ile nikaacha. Mmoja alimponyoka, akaanguka kizingitini karibu na kikombe changu, na nyigu hakumfuata wala hakumtafuta. Akaenda zake kuwinda upya. Nikamwokota kwa ncha ya karatasi nikidhani amekufa. Nilipomsogeza usoni ili nimwone vizuri, pumzi yangu ikamgusa, na mguu mmoja wa nyuma ukajikunja polepole, kisha ukanyooka.

Hajafa, na hiyo ndiyo shabaha. Nyigu huyu humchoma buibui kwa mwiba, na sumu inampooza bila kumuua, kwa kuwa akifa ataoza kabla buu hajashiba. Yai linatagwa juu ya mmoja wao, mlango unazibwa kwa tope, na buu akianguliwa anakuta chakula kibichi kimelala gizani kikimsubiri, hakiwezi hata kumpiga teke.

Nilikaa na karatasi ile mkononi kwa muda. Siwezi kuusifu mshono wa tope nikauruka mwiba, kwa sababu mwiba umepangwa vizuri kuliko mshono. Dawa ya kupooza inayojua ikome wapi! Kama ule mshono ni sahihi ya fundi, basi na huu ni sahihi yake, tena kwa wino uliokolea zaidi.

Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza aliyeeleza mageuko ya viumbe, alikwama papa hapa. Kijana akiwa Cambridge alimsoma Paley akafurahia hoja zake kama alivyofurahia jiometri ya Euclid. Lakini tarehe 22 Mei 1860, miezi michache baada ya kitabu chake kikubwa kutoka, alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani na Mkristo, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema na mwenye uwezo wote amewaumba kwa makusudi nyigu wa jamii ya Ichneumonidae ili wale ndani ya miili ya viwavi walio hai. Wengi wanaomnukuu huishia hapo. Humo humo kwenye barua anasema jambo lote hili ni zito mno kwa akili ya binadamu. Ni sawa na mbwa kujadili akili ya Newton, yule bingwa wa fizikia. Namheshimu zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa ile ya nyigu.

Maelezo ya Darwin mwenyewe hayamhitaji fundi katili. Nyigu ambaye sumu yake ilipooza vizuri kidogo kuliko ya wenzake aliacha watoto wengi kidogo, na wa watoto hao vilevile, kwa muda ambao kichwa changu hakiwezi kuushika. Hata jicho, lile nililokuwa nikitulia kidogo kabla ya kulitaja: Dan-Eric Nilsson na Susanne Pelger wa Sweden walikadiria mwaka 1994 kwamba kutoka ngozi bapa inayohisi mwanga hadi jicho lenye lenzi, kwa hatua ndogondogo, vizazi visivyofika 400,000 vinatosha. Na jicho letu limeungwa kinyumenyume, nyuzi za neva zinapita mbele ya retina, utando unaopokea mwanga, na kutoboa njia ya kutokea, ndiyo maana kila jicho lina doa lisiloona. Pweza hana doa hilo. Kwenye mabishano yangu ya zamani sikuwahi kumtaja pweza.

Ila kuna mtu aliyewatazama nyigu hawa kwa karibu kuliko wote, Jean-Henri Fabre wa Ufaransa, aliyefariki 1915. Alikuwa akimwibia nyigu wa tope buibui wake kila anapowaleta; nyigu akaendelea kuleta, na mwishowe akaziba kwa uangalifu chumba kitupu. Mara nyingine aliubandua ukutani ujenzi mzima. Nyigu akarudi na kidonge chake na kupaka pale ukutani palipobaki patupu, safari baada ya safari, kana kwamba kiota bado kipo. Kwa Fabre hii ilikuwa na maana moja: mdudu hajui anachokifanya, na kwa kuwa kazi yake ina ujuzi mwingi hivyo, ujuzi huo uko kwa mwingine. Ni hoja ileile ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, kwamba kisicho na akili hakiwezi kuelekea lengo isipokuwa kimeelekezwa, kama mshale na mpiga upinde. Darwin na Fabre waliandikiana barua, Darwin alimsifu kama mtazamaji asiye na mfano, na Fabre hakuikubali nadharia ya Darwin hadi anakufa. Wote wawili waliuona mshale ukiruka. Mmoja akasema yupo aliyevuta upinde, mwingine akauliza kama vizazi vyenyewe haviwezi kuwa upinde.

Najua kuna waliohamisha mjadala kutoka kwa nyigu na kuupeleka kwenye nyota, ambako mageuko ya viumbe hayafiki. Mwaka 1953 Fred Hoyle, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, alitabiri kwamba kiini cha kaboni, ile ambayo miili yetu imejengwa kwayo, lazima kiwe na kiwango fulani cha nishati, la sivyo nyota zisingeweza kupika kaboni ya kutosha; wakapima wakakikuta. Hoyle, ambaye hakuwa mtu wa dini, alikuja kuandika kwamba inaonekana kama kuna akili kubwa iliyoichezea fizikia. Hoja hii ni ngumu zaidi kuivunja kuliko ya Paley, nakiri. Anayejibu kwamba huenda malimwengu yako mengi mno na sisi tumetokea kwenye ulimwengu uliotufaa anatumia vitu ambavyo hakuna aliyeviona, na anayesema namba hizi za fizikia zilikuwa na nafasi ndogo ya kutokea hatuambii alizilinganisha na nini. Lakini sijawahi kusoma namba ya nishati ya kaboni mdomo ukaniponyoka. Inanifanya nikune kichwa, basi.

Na huenda hapo ndipo nilipokosea tangu ujana. "Mungu fundi" kwangu haikuanza kama hitimisho la hoja. Hutoka kabla sijafikiri, kama "lo!" au kama shukrani, na mimi nikaichukua nikaivisha sare nikaipeleka vitani. Bado naamini. Sikuanza kuamini kwa sababu ya saa, na Hume hakuninyang'anya kitu nilichokuwa nacho kabla yake. Kilichobadilika ni kwamba sasa nataka niweze kuyasema maneno yale nikiwa na buibui mkononi, si mshono tu. Jana usiku nilijaribu, kwa sauti, chumbani, peke yangu. Hayakutoka.

Leo asubuhi nyigu amemaliza. Vyumba vitano, vyote vimezibwa. Kisha akafanya jambo sikulitarajia: akaleta tope jingine, la ovyo, na kulipaka juu ya vyote bila mpangilio, mpaka mshono wote wa mkeka ukafunikwa. Sasa pale kona ya juu kuna bonge la udongo kama limerushwa na mtoto, na mgeni yeyote akiingia ataniuliza kwa nini silikwangui. Tangu saa nne hajarudi.

Buibui bado yuko kwenye karatasi mezani. Nimempulizia tena kabla ya kuandika haya, na ule mguu umesogea.