Natengeneza Liemba ya sentimita 71 hapa Moshi

Watu wakisikia nafanya modeli za meli swali la kwanza ni lile lile, Moshi na meli wapi na wapi? Huwa najibu kwamba modeli haitaki maji, inataka meza, taa nzuri na mtu anayeipenda meli flani mpaka anataka kujua kila kona yake ikoje. Bahari iko Tanga, ziwa liko Kigoma, mi niko hapa chini ya mlima na meza ninayo, na kwa muda sasa juu ya hiyo meza kuna MV Liemba, ile meli ya abiria ya ziwa Tanganyika, bado haijaisha, lakini ukiingia chumbani unaitambua.

Kwanza niseme kuhusu maboksi. Hii hobi njia yake inayojulikana dunia nzima ni kununua boksi la kuunganisha, la kampuni kama Tamiya au Revell, unafungua unakuta plastiki zimeshatengenezwa na karatasi ya maelekezo, namba 1 inashikana na namba 2, unabandika unapaka rangi. Siyadharau hata kidogo, humo ndo nilijifunzia kushika wembe na gundi. Meli nyingi za maboksi ziko kwenye skeli ya 1:350 au 1:700, yaani meli imepunguzwa mara 350 au mara 700, na ile ya 1:700 ilishika kasi kuanzia 1971 pale kampuni za Kijapani zilipokubaliana kugawana meli, nyie tengenezeni zile sisi hizi, zote skeli moja ili mtu aweze kuzipanga kabatini zikalingana. Wazo zuri sana lile. Ila ukisoma orodha ya maboksi ni manowari za Japani, manowari za Uingereza, manowari za Ujerumani na Marekani, halafu Titanic. Meli ambayo mjomba wako alipanda na magunia yake ya dagaa humo haipo. Ukiitaka utaitengeneza mwenyewe kuanzia kipande cha kwanza cha ubao, na mi nasema kwa moyo wote hiyo ndo raha inayopita boksi lolote, kwa sababu ile kazi ya kutafuta meli ilikuwaje, nani aliijenga, mlango uko wapi, ngazi inatokea upande gani, hiyo ndo hobi yenyewe, kubandika ni sehemu ndogo tu.

Na sasa sikia hii, Liemba yenyewe ilikuja kwenye maboksi! Ilijengwa 1913 kule Papenburg Ujerumani kwenye karakana ya Meyer Werft, wakaifunga kwa bolti tu kuhakikisha kila kitu kinaingiana, halafu wakaifungua yote, wakaipakia kwenye maboksi kama 5,000, ikaenda Hamburg, ikapanda meli hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati hadi Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani wakaja nayo, na vibarua wa Kiafrika na wa Kihindi wakaiunga upya kwa ribiti, zile pini nene za chuma zinazogongwa kichwa, sahani moja moja ya chuma. Majina ya wale Wajerumani watatu yameandikwa, ya hao waliopiga nyundo kwenye lile jua la Kigoma hayatajwi, na mi kila nikibandika kipande huwa nawakumbuka wao kwanza.

Iliingia majini Februari 1915 vita ikiwa imeshawaka, ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyekuwa madarakani wakati wa Maji Maji. Jina hilo siliandiki kwenye omo, yaani mbele, ya meli yangu. Walifunga hadi mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyoishia delta ya Rufiji. Julai 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi isije ikachukuliwa na adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walipaka injini grisi nene kila mahali, yaani watu wanaua meli huku wanaiwekea akiba ya kuishi. Wabelgiji waliinyanyua ikazama tena bandarini Kigoma, Waingereza wakaitoa 1924, injini wakazikuta zinafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba, ikaendelea kwa mvuke miaka mingi mpaka baadaye ilipowekewa dizeli. Titanic imezama mwaka mmoja tu kabla hii haijajengwa na dunia nzima inaitengenezea modeli. Hii imezama mara mbili ikafufuka mara mbili, ikabeba watu wetu karibu karne nzima, Kigoma hadi Mpulungu Zambia, na boksi lake sijaliona dukani. Ndo maana niko mezani.

Skeli nimechagua 1:100 na nakushauri na wewe kama unaanza kwa kuchonga mwenyewe, hesabu zinafanyika kichwani, mita inageuka sentimita. Liemba ina mita 71.4 kwa urefu na mita 10 kwa upana, kwa hiyo ni sentimita 71.4 kwa 10, inakaa mezani bila kuning'inia. Mtu wa sentimita 170 anakuwa milimita 17, vyuma vya kushikia pembeni vya mita moja vinakuwa sentimita moja. Titanic ya 1:350 nayo inakuja kama sentimita 77, mezani ziko karibu sawa kwa urefu, ila mlango wa Titanic hapo ni kidoa wakati mlango wa Liemba unaweza kuuwekea kitasa.

Michoro ya karakana sitegemei, nategemea picha, na hapa ndo nimetumia muda mwingi kuliko popote. Unatafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa na kwa mbali, maana picha ya karibu upande ulioelekea kamera unavimba na ule mwingine unasinyaa, ukiifuata utachonga meli kilema. Ukishaipata unaikuza steshenari mpaka meli isome sentimita 71.4 kutoka ncha ya omo hadi shetri, yaani nyuma kabisa, vipande vitatu vya A4 vinaungwa kwa tepu. Hapo kila milimita kwenye karatasi ni sentimita 10 za kweli, rula ya shule inakutosha. Kuhakiki napima milango, mlango ukisoma milimita 18 hadi 20 naamini, ukisoma 25 najua hapo picha imedanganya na natafuta picha nyingine ya upande huo huo. Na chagua kipindi kimoja ushikilie. Meli iliyoishi miaka mia imebadilishwa mara nyingi, ukichanganya sitaha ya zamani na boti za kuokolea za juzi unapata meli ambayo haijawahi kuwepo. Mi nimechagua ile ya dizeli ambayo wazee wetu waliipanda.

Picha zina mwisho wake lakini. Jirani yangu hapa ni mwalimu mstaafu, alifundisha miaka mingi mkoa wa Rukwa, jioni moja alipita nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba, akachungulia mezani akanyamaza halafu akakaa. Akaniambia, "Usije ukaiwekea gati hiyo. Kule vijijini haina gati. Inasimama majini usiku, inapiga honi, mitumbwi inatoka ufukweni inakimbizana, mnapandia mlango wa ubavuni, mama na mtoto mgongoni na kuku mkononi." Akanionyesha kwa kidole mlango ulipo na usawa wake na maji. Ule mlango kwenye picha zangu ulikuwa ni mstari mwembamba tu wa giza, ningeweza kuuacha, sasa ndo kitu ninachokitengeneza kwa uangalifu kuliko vyote, umefunguliwa, na pembeni kutakuwa na mtumbwi wa sentimita 6 na watu wa milimita 17 wamenyoosha mikono.

Haya, vifaa. Wengi wanakata tamaa hapa wakidhani kila kitu lazima kiagizwe nje, kifike na ushuru wake. Hapana. Mkuku na mataruma, yaani uti wa mgongo na mbavu za meli, nimekata kwa plaiwudi ya milimita 3, mabaki ya seremala, yeye kwake ni kuni. Ubavu wa meli nimefunika kwa ile plastiki nyeupe wanayotumia mafundi wa mabango, wanaikata herufi na vinabaki vipande virefu vizuri kabisa. Fundi mmoja hapa mjini aliniuliza, "Mangi, haya mabaki unapeleka wapi?" nikamwonyesha picha kwenye simu, tangu hapo ananiwekea kwenye mfuko. Ukikosa hiyo chukua bomba la maji la plastiki, lipasue kwa urefu, litumbukize kwenye maji yanayochemka linalainika, lilaze katikati ya vigae viwili uweke uzito juu, likipoa una bapa safi. Usilipitishe kwenye moto wa moja kwa moja, ule moshi wake ni sumu kweli na nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona vijana wanafanya hivo ndani ya chumba.

Vyuma vya pembeni ni waya mwembamba wa kopa kwa mafundi wa kusuka mota, unaunyoosha kwa kuubana mwisho mmoja na kuuvuta kwa koleo mpaka usikie umeachia kidogo, hapo unakuwa umenyooka kama mshale. Kamba ni uzi wa cherehani, ila uzi una manyoya na kwenye skeli hii yanaonekana makubwa mno, kwa hiyo nauvuta kwenye nta ya nyuki mara kadhaa manyoya yanalala, na nta huku kwetu haisumbui kuipata kwa wauza asali. Mnyororo wa nanga ni mkufu mwembamba kutoka soko la Memorial hapa Moshi, unapekua kwenye vyombo vya urembo mpaka upate wenye pete za duara ndogo kabisa. Brashi nzuri kuliko zote za kuchora mistari zinauzwa duka la vipodozi, zile za kuchorea kucha, na tupa za kucha pia ni msasa bora wa kona.

Kuhusu ribiti watu tunatofautiana. Kuna wanaodondosha gundi nyeupe kwa ncha ya sindano, tone moja tone moja, maelfu, na nawaheshimu. Lakini kichwa cha ribiti cha sentimita mbili na nusu kwenye 1:100 ni robo ya milimita, ukikaa hatua mbili kutoka mezani hukioni, na gundi inakuja kubwa kuliko hiyo, meli inaonekana ina upele. Mi nakwaruza mistari ya maungio ya sahani kidogo sana kwa ncha ya sindano, mwanga ukipita pembeni ndo unaiona, na kwangu hiyo ndo haki ya chuma cha Liemba.

Rangi usipulize masika. Aprili na Mei hapa Moshi hewa imejaa maji, ukipuliza rangi inakauka na ukungu mweupe juu yake na kuurudisha ni kazi. Subiri jua, puliza nyembamba mara tatu kuliko nene mara moja, na kabla ya yote osha mwili mzima wa meli kwa maji na sabuni kidogo, mafuta ya vidole ndo adui ambaye humwoni.

Kwa sasa mwili umefungwa, sitaha ya chini imelala, bomba la moshi limesimama na mlango wa ubavuni uko wazi. Kilichonikwamisha ni sitaha ya nyuma. Picha karibu zote zimepigwa kutoka gatini Kigoma au kwenye boti upande wa mbele, na nyuma kule kwenye ngazi inayopanda sitaha ya juu naona vivuli tu. Kama wewe au mzazi wako mlisafiri na Liemba na kuna picha nyumbani, hata ile ya harusi au ya msiba ambayo watu wamesimama na meli imetokea tu nyuma yao, itazame vizuri pale nyuma ya meli. Ngazi ile nataka kujua ina vipandio vingapi na inaangalia upande gani, mbele au nyuma.