Stopuwochi Badala ya Viatu vya Spaiki: Jumatano ya Kocha wa Sekondari Ohio

Saa 1:30 asubuhi hadi saa 8:45 mchana ni hisabati. Makocha wengi wa riadha wa sekondari Marekani ni walimu. Ukocha una posho ya msimu, nayo haitoshi kuachia chaki.

Saa 6:00, mkononi mkate, mezani orodha ya mashindano ya Ijumaa. Mwanariadha haruhusiwi kushiriki zaidi ya michezo minne, mbio za kupokezana vijiti zikihesabiwa. Mtego upo kwenye ratiba: kati ya mita 1600 na 800 kuna michezo mitatu tu, yaani vijiti 4x100, mita 400 na viunzi vya mita 300. Ukimwandikisha mtoto zote mbili, ya pili ataikimbia na miguu ya mkopo.

Saa 9:15 alasiri, kupasha misuli: dakika 12 za mbio nyepesi, kisha mita 80 mara nne kwa kuongeza kasi taratibu.

Saa 9:45, mita 400 mara sita, mapumziko dakika mbili. Mvulana wa dakika 4:48 kwenye mita 1600 anatakiwa azunguke kwa sekunde 72. Akiachiwa, wa kwanza atauruka kwa 66 na wa sita ataukokota kwa 78. Wastani unabaki 72 na daftari linadanganya. Kwa hiyo nasimama kwenye mita 200, wapite kwa 36. Mizunguko kumi ya chuoni iacheni chuoni. Huyu ana miaka 15 na ameanza kukimbia Februari.

Saa 10:30, vijiti. Ukanda wa kupokezana ni mita 30. Anayepokea anahesabu nyayo 20 hivi nyuma ya mwanzo wa ukanda, kisigino kwa kidole, na kubandika utepe. Mwenzake anayeleta kijiti akikanyaga utepe, anayepokea anachomoka bila kugeuka. Wakigongana, utepe urudi nyuma nyayo mbili; kijiti kisipomfikia, usogee mbele. Kumwambia “anza polepole” ni kosa, maana siku ya mashindano hataanza polepole. Waamuzi huangalia kijiti kilipo, si miguu.

Saa 11:15 jioni, wanaolalamikia muundi. Maumivu yaliyotandaa kwa ndani mara nyingi ni kilomita zilizoongezwa haraka au viatu vilivyochakaa. Yanayofunikwa na ncha ya kidole kimoja, hakuna kukimbia mpaka daktari aone mfupa.

Saa 12:00, stoo. Vilitoka vijiti vinane, vimerudi saba. Cha nane kimo kwenye begi la mkimbiaji wa tatu.