Usibebe hewa: maandalizi na safari ya maputo ya pati za watoto

Watu wakiniona natengeneza mbwa wa puto wanadhani hapo ndo penye kazi, wanauliza umejifunzia wapi, vidole haviumi, mbona halipasuki. Hamna anayeuliza yamefikaje pale. Na mi nakwambia kusokota ndo sehemu nyepesi, ukishazoea mikono inaenda yenyewe huku unapiga stori na madogo, kinachokula akili ni yale ya kabla, kuanzia pakiti iliyopo kabatini mpaka unaingia mlangoni kwa wenyewe. Na kama kuna jambo moja ningemwambia mtu anayeanza hii kazi, au mzazi tu anayemuandalia mwanae bethidei, ni hili: usisafirishe hewa. Hewa ipo kila mahali, utaikuta hukohuko unakoenda.

Tupige hesabu kidogo. Puto la duara la kawaida, lile la inchi 11, ukilijaza vizuri linafika upana wa inchi 10 hivi, na ndani linakuwa na lita 8 na nusu za hewa. Buti ya gari dogo ina lita 300 na ushee, alafu vitu vya duara vikipangwa lazima viache mianya katikati, kwa hiyo humo yataingia maputo 20, ukilazimisha sana 25. Pakiti ya maputo 100 ambayo hayajajazwa je? Ni gramu 300 hivi, inaingia kwenye mkoba na nafasi ya simu inabaki. Sasa unakuta mtu kajaza gari mpaka siti ya mbele, dereva haoni kioo cha nyuma, haoni cha pembeni, safari nzima wanabeba hewa, na bado hayo maputo hayafikishi hata nusu ya lile tao la maputo alilomuahidi mama wa mtoto.

Najua utasema muda. Ukifika pale ukaanza kujaza utachelewa. Hapana, pampu ya umeme inajaza puto moja kwa sekunde chache, tena nyingi zina midomo miwili unajaza mawili kwa mpigo, kinachochelewesha ni kufunga mafundo, kwa hiyo dawa ni kuwa wawili, mmoja anajaza na kupima, mwingine anafunga tu. Unafunga mawili mawili, alafu unasokota jozi mbili zinakuwa manne, hayo manne manne ndo yanapandishwa kwenye uzi, na tao linakua haraka kuliko unavyofikiria. Ila uliza mapema kama kuna umeme karibu, na hata ukiambiwa upo beba pampu ya mkono, ile inayotoa hewa ukisukuma na ukivuta. Mdomo usiutegemee kabisa, mashavu yatakuuma na mate yanaingia ndani, na sio picha nzuri mbele ya wazazi.

Maandalizi ya nyumbani basi ni yapi? Kwanza kukagua mzigo wenyewe. Maputo ya mpira yanazeeka hata yakiwa kwenye pakiti, joto na mwanga ndo vinayaua, kwa hiyo yangu yanakaa gizani mahali penye ubaridi wa kawaida, pakiti nikishaifungua naikamua hewa na kuifunga tena. Kabla ya kazi nachomoa mawili matatu kila rangi, nayavuta, nayajaza, nayaacha kidogo. Kama ya rangi fulani yanapasuka hovyo hiyo pakiti haiendi pati, basi, hakuna kujadiliana. Ukiona pia unga unga ukijaza usishangae, huo unawekwa makusudi ili kuta za ndani zisigandane, na sio jambo la leo, mwanasayansi Michael Faraday alipotengeneza maputo ya mpira ya kwanza London mwaka 1824, kwa ajili ya majaribio yake ya gesi ya haidrojeni, alipaka unga ndani kwa sababu hiyohiyo. Weka tu uso mbali usikuingie machoni.

Yale marefu ya kusokota, yanaitwa 260 kwa sababu yakijaa yana upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 60, hayo nayapanga kwa rangi usiku wa kabla, midomo yote imeangalia upande mmoja, kila rangi mfuko wake kwenye aproni. Inaonekana kama usumbufu mpaka uwe umezungukwa na watoto wanapiga kelele anko mi nataka simba, anko mi nataka upanga wa bluu, na we unachambua lundo kutafuta bluu! Na beba mengi, mi nabeba mara moja na nusu ya ninayotegemea kutumia, kuna mtoto atalikalia lake kabla hajatoka kwenye foleni. Kucha fupi, pete vua. Losheni na mafuta mikononi nayo hapana, mafuta yanaulainisha mpira mpaka unachoka, na ganda la chungwa ndo adui wa kimyakimya, ule mvuke unaoruka ukilimenya una mafuta yanayoyeyusha mpira, ukigusa puto lililojaa mara nyingi linapasuka hapohapo. Kwa hiyo meza ya matunda na meza ya maputo zikae mbalimbali tafadhali.

Sasa kuna vitu ambavyo lazima usafirishe vikiwa vimejaa, siwezi kudanganya. Kuna ukumbi wanakufungulia dakika za mwisho, kuna mapambo yana sehemu nyingi huwezi kuyaunda mbele ya wageni, na kuna zile sanamu kubwa za kusokota. Hapo ndo unamjua adui mwenyewe, na sio sindano wala misumari kama watu wanavyodhani, ni joto. Hewa ikipata joto inatanuka. Ukijaza puto kwenye chumba chenye nyuzi 20 alafu ukaliweka kwenye gari lililofungwa juani likafika nyuzi 50, hewa ya ndani inataka nafasi zaidi kwa karibu asilimia 10, na puto ulilolijaza mpaka mwisho hiyo nafasi halina. Ya rangi nyeusi na rangi nzito zote ndo yanaanza, maana yananyonya joto la jua. Kwa hiyo ya safari nayajaza pungufu, kama linatakiwa kufika inchi 10 naishia 9, bado ni zuri, tena linakuwa duara kabisa badala ya kuchongoka kama peasi. Na ya kusokota naacha mkia mrefu zaidi usiojazwa, hewa ikitanuka iwe na pa kukimbilia. Gari napoza kwanza, maputo ndo yanaingia mwisho, na tukianza safari hakuna kusimama njiani kununua kitu eti dakika tano tu. Hizo dakika tano ndo unasikia paa, paa, paa ukiwa kwenye foleni ya kulipa.

Baridi nayo ina vituko vyake ila haitishi, maputo yananywea kidogo yanaonekana kama yamechoka, yakiingia ndani kwenye joto yanajaa tena yenyewe. Cha kuangalia ni usiyaone yamelegea kule nje ukaanza kuongeza hewa.

Kitu cha kubebea ninachokipenda kuliko vyote ni foronya kubwa ya duveti. Mdomo mpana, kitambaa laini, unayaingiza, unafunga na utepe, unabeba mzigo mmoja badala ya kukimbizana na puto moja moja uwanjani upepo ukivuma. Mifuko mikubwa ya nailoni ni sawa ila siku za ukavu maputo yanajishika nayo kwa umeme wa msuguano, ukiyatoa yanavuta kila vumbi na kila nywele. Ndani ya gari natandika shuka juu ya siti, nafunika vifungo vya mkanda, naangalia dari maana kuna magari yana klipu za ajabu huko juu. Sanamu zilizosokotwa hazipandiani, kila moja kwenye boksi lake au zimesimama pembeni kwa pembeni, na zile zenye shingo ndefu nyembamba nazitengeneza siku hiyohiyo, zikilala zinalegea na mnyama anaanza kuangalia chini kama kafiwa.

Heliamu, ile gesi nyepesi inayofanya maputo yaelee, ni habari nyingine. Puto la inchi 11 linahitaji lita 14 hivi likijazwa kabisa, na lita moja ya heliamu inainua takriban gramu moja, toa uzito wa puto lenyewe gramu 3, unabaki na nguvu ya gramu 11 tu, na utepe nao unakula humo. Na halidumu, heliamu inapenya kwenye mpira, puto la saizi hiyo linaelea saa 12 mpaka 24 ndo limeanza kushuka, ndo maana mtu akiniambia tuyajaze jana yake nakataa. Kuna dawa ya majimaji ya kupaka ndani inayasaidia kukaa muda mrefu zaidi. Ya foili, yale yanayong'aa kama karatasi ya kufungia chakula, yanadumu siku nyingi ila hayatanuki, joto likizidi mshono unaachia, kwa hiyo nayo usiyakaze, na kwa vile yanapitisha umeme usiyapitishe wala kuyaachia karibu na nyaya za umeme.

Mtungi wenyewe ndo unanipa mawazo kuliko maputo. Mkubwa wa kukodi ukiwa umejaa unaweza kuwa na presha ya ba 200, tairi la gari lina 2 na kitu, sasa fikiria unaurusharusha kwenye buti. Unafungwa usitembee, valvu imefungwa, mdomo wa kujazia umetolewa, madirisha wazi kidogo maana gesi ikivuja ndani ya gari inafukuza oksijeni na haina harufu ya kukushtua. Na ule mchezo wa kuivuta ili sauti iwe ya katuni, mi mbele ya watoto sifanyi na sitaki mtu afanye, watu wamekufa kwa huo mchezo, hasa wa kuvuta moja kwa moja kutoka kwenye mtungi. Alafu uliza gesi ni gesi gani, kuna wauzaji wanajaza haidrojeni kwa sababu ya bei, na haidrojeni inashika moto, karibu na mishumaa ya keki sina haja ya kueleza.

Ila kuna raha moja ya kusafiri na puto la heliamu, kama una mtoto kwenye gari mwambie aliangalie. Gari likiondoka kwa kasi sisi wote tunasukumwa nyuma, puto linaenda mbele, dereva akishika breki linarudi nyuma. Ni kwa sababu hewa ya ndani ya gari ni nzito kuliko heliamu, hewa inarundikana nyuma na kulisukuma puto mbele. Hilo ndo puto pekee ninalokubali liwe huru kwenye gari, moja, upande ambao halimzibi dereva.

Ukifika usiyaweke chini kwenye majani. Najua yanaonekana laini, ila ncha za majani zinatoboa, na jua la nje linafubaza ule mng'ao, puto linakuwa na ukungu ukungu kama limepakwa vumbi. Kivuli kwanza, tao juani mwisho kabisa kabla wageni hawajaingia.

Na pati ikianza macho yawe kwenye vipande. Puto zima lililojaa ni mchezo, lililopasuka au ambalo halijajazwa ndo hatari, mtoto anaweka kipande mdomoni, anavuta pumzi, kinaziba koo, na mpira ule ni laini unakaa vilevile kwenye njia ya hewa. Nchi nyingine pakiti lazima ziandikwe onyo kwa watoto chini ya miaka 8, na mi naona huo umri wameuweka vizuri. Kwa hiyo paa likisikika, kabla ya kumbembeleza anayelia, naokota vipande vyote. Kwa wadogo sana nampa mzazi ashike puto lao, na namuuliza kabisa mzazi kama kuna mtoto mwenye aleji ya mpira.

Wakati wa kufungua mapambo pati ikiisha kuna watu wanataka eti tuyaachie yapae ndo pati iishe kwa shangwe. Hapana. Cleveland, Marekani, mwaka 1986 waliachia karibu milioni 1 na nusu kwa mpigo, hali ya hewa ikageuka, yakashushwa na mvua yakajaa barabarani na ziwani, mpaka waokoaji waliokuwa wanawatafuta watu wawili majini wakapata shida. Yako 30 hayatafikia huko lakini yataangukia kwa mtu, au kwa mnyama atakayedhani ni chakula. Nayashika shingoni chini ya fundo, nakata na mkasi pale juu ya vidole, naachia taratibu, hayatoi mlio na hakuna mtoto anayeruka.

Yanayobaki ni yale ambayo watoto wanaondoka nayo, na hapo safari inaanza upya kwenye magari ya watu wengine. Ndo maana mlangoni nawaambia wazazi, huyo mbwa mpakate, usimuweke kwenye dashbodi juani, na kama mnapitia sokoni shukeni naye, maana mkimuacha kwenye gari mtarudi mkute miguu miwili na mtoto atataka ile namba yangu ya simu.