Daftari la matumizi linalosikiliza: wiki ya sita

Wiki hii hakuna jipya linaloonekana kwenye skrini, kwa sababu muda wote umekwenda kwenye namba. Nilipoanza kutengeneza daftari hili, ambalo mtu hubonyeza kitufe, akatamka alichonunua pamoja na bei yake, na programu ikaandika yenyewe, nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuifanya isikie Kiswahili. Kusikia kulinichukua siku nne. Kuelewa bei kumenichukua wiki tatu na bado sijamaliza.

Kwa kusikia ninatumia utambuzi wa sauti uliomo ndani ya Chrome, unaoitwa kwa mistari michache ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, na kuelekezwa lugha kwa alama ya sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Tovuti lazima iwe ya HTTPS, yaani yenye mawasiliano yaliyosimbwa, na kwa kawaida sauti hupelekwa kwenye seva, kwa hiyo bando likikatika daftari linakuwa kiziwi. Nilijaribu pia Whisper, modeli ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa mwaka 2022, iendeshwe ndani ya simu yenyewe: modeli ndogo ilikosea mno, na iliyoizidi kidogo iliifanya simu ipate moto kama pasi. Hesabu zenyewe hukaa kwenye simu, katika IndexedDB, hifadhi ya data iliyo ndani ya kivinjari, kwa shilingi kamili bila senti.

Sasa namba. Katika Kiswahili "elfu" hutangulia na idadi hufuata, kwa hiyo msimbo wangu, ukishakutana na "elfu", hukusanya makumi na mamoja hadi ufike kwenye "mia" au mwisho wa sentensi. "Elfu ishirini na tano mia tatu" inatoka 25,300 bila taabu. Lakini "elfu ishirini na tano" peke yake kisarufi yaweza kuwa 25,000 au 20,005. Nilihangaika nayo jioni nzima kabla ya kukumbuka kwamba siku hizi hakuna anayeuza kitu kwa shilingi tano, nikaandika kanuni ya mstari mmoja: baki lolote lililo chini ya hamsini ni la maelfu. "Nusu" nayo hugawa kipimo kilichotajwa mwisho, hivyo "laki na nusu" ni 150,000, ilhali katika "nyama nusu kilo" haihusiani na fedha hata kidogo.

Kilichonifurahisha zaidi ni upatanisho wa ngeli, ambao sikutarajia kama ungenisaidia. Mtu akisema "mikate miwili elfu tatu", kiambishi cha "miwili" kinaonyesha kwamba hiyo ni idadi ya mikate, kwa kuwa bei haitamkwi hivyo. Tatizo linabaki kwa kilo, chupa na nyanya, ambazo huchukua "mbili" ileile ya bei. "Mchele kilo mbili elfu sita" iliandikwa 8,000 mara tatu mfululizo. Kwa hizo nimeorodhesha vipimo vya sokoni, sado na fungu vikiwamo, ili namba inayovifuata ihesabiwe kuwa ya bidhaa.

Jumamosi nilimpa shangazi simu aijaribu. Aliishika mbali na mdomo, kama anayeogopa itamng'ata, akasema, "Nimetoa buku jero ya daladala." Skrini ikaonyesha shilingi sifuri, kundi: vitabu.

"Mwanangu, mashine yako haijui buku jero?"

"Bado, shangazi. Nimeifundisha Kiswahili cha shuleni tu."

"Basi itapanda daladala gani?"

Usiku huohuo niliongeza jero kuwa 500, buku 1,000 na msimbazi 10,000. Kundi la vitabu nilikuwa nimeliwekea neno "buku" mimi mwenyewe, siku niliyoandika orodha ya makundi nikiwa na usingizi.

Kosa lililobaki ndilo baya kuliko yote. "Nimemkopesha" ni fedha iliyotoka, "nimekopa" ni iliyoingia, na "nimekopeshwa" inatofautiana na "nimekopesha" kwa sauti moja ya "w" ambayo maikrofoni huimeza mtu akisema haraka, na hapo mdaiwa anageuka mdai. Kwa sasa programu haihifadhi mkopo wowote mpaka iulize, "Fedha imeingia au imetoka?" na isubiri kidole, si sauti. Shangazi analalamika kwamba swali hilo linamchelewesha, ila sitaliondoa mpaka nipate rekodi za kutosha za watu tofauti wakitamka maneno hayo.