Kidole Kilichochelewa Kupona

Mama amelala mapema usiku wa leo, nami nimekaa kibarazani nikikitazama kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto, ambacho sasa kina kovu jembamba ubavuni. Katikati ya mwezi wa tatu nilikuwa nimekalia mbuzi, nikikuna nazi kwa haraka ili niwahi kwenda kumgeuza mama kabla mgongo wake haujaanza kumuuma, nusu ya nazi ikaniteleza na meno ya mbuzi yakanichana. Lilikuwa jeraha dogo lisilozidi urefu wa ukucha, la aina ambayo tangu utotoni nimekuwa nikiifunga kitambaa na kuisahau baada ya siku kumi au kumi na mbili. Safari hii zilipita wiki saba. Jeraha lilikuwa likifunga juu na kuonekana limepona, kisha nikifua mashuka linaachia tena pembeni, na ndani yake nyama ni ile ile, nyekundu na yenye majimaji, kana kwamba mwili umesahau kwamba kuna kazi pale.

Daktari kijana wa zahanati alinipima sukari akaikuta sawa, akakigeuza kidole huku na huku, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mwalimu, usingizi unaupata?" Nilimjibu kwamba namuuguza mama. Aliniangalia kwa muda, akaniandikia dawa ya kusafishia, na hakusema zaidi. Swali lile nilirudi nalo nyumbani, na kwa kuwa ninafundisha baiolojia, niliona aibu kwamba lilipaswa kutoka kwangu mwenyewe.

Mama alipata kiharusi mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, hapa hapa Tanga. Nilimkuta ameanguka kati ya kitanda na ukuta, mdomo umekwenda upande, akijaribu kuniita na jina lisitoke. Mama ni mzito kuliko mimi, lakini usiku ule nilimbeba peke yangu mpaka barabarani kwenye bajaji, na uzito wake sikuuhisi. Sikuhisi pia kwamba nilikuwa pekupeku na kwamba kisigino kimechanika kwenye kokoto. Damu niliiona asubuhi, sakafuni, hospitalini. Yaliyonitokea mwilini nayafundisha kidato cha tatu kila mwaka. Ubongo ulituma habari kupitia neva hadi kwenye tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo kama kofia, ambazo kila moja ina uzito wa gramu nne au tano tu, na kwa sekunde chache adrenalini ikawa imeshaenea katika damu. Moyo ulikwenda mbio, ini likaachia sukari iliyokuwa akiba, damu ikapungua tumboni na kwenye ngozi ikakimbilia misuli ya mapaja na mikono, mate yakakauka, mboni za macho zikapanuka ili zipokee mwanga zaidi. Mmarekani Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliieleza hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya mwili kupigana au kukimbia. Mimi sikupigana wala sikukimbia, nilibeba. Lakini mwili haukuhitaji kujua tofauti hiyo, ulinipa nguvu zote ulizokuwa nazo na kuniachia mwenyewe nizitumie nitakavyo. Kwa usiku ule nitaushukuru siku zote.

Baada ya adrenalini huja wimbi la pili, la polepole na la kudumu zaidi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, nayo pituitari huliamuru tabaka la nje la tezi za adrenali, ndipo homoni ya kotisoli inapomwagika. Kazi yake ni kuhakikisha sukari haipungui katika damu wakati wa shida, na kuziahirisha kazi zinazoweza kusubiri: kujenga tishu, uzazi, na sehemu ya kinga ya mwili. Ni hesabu ya busara kwa mtu anayemkimbia chui, kwani hakuna haja ya kuziba jeraha la kidole ikiwa dakika tano zijazo huenda usiwepo. Hesabu hiyo huharibika pale chui anapohamia nyumbani.

Mama hawezi kuita kwa sauti, kwa hiyo nilimwekea kikombe cha bati na kijiko karibu na mkono wake mzima. Akihitaji kugeuzwa, au maji, au akiogopa tu, hugonga. Kwa miezi mitano nimelala na sauti ile. Bodaboda zinapita dirishani na sizisikii, mvua ya masika imepiga bati usiku kucha na sikuisikia, lakini kijiko kikigusa kikombe mara moja, hata kwa bahati mbaya, nimeshasimama kabla sijajua kwamba nimeamka. Baadaye nikaanza kuamka saa tisa usiku bila kugongewa, moyo unadunda, masikio yamesimama, nikisubiri kitu ambacho hakijatokea. Siku moja nikiwa katika chumba cha walimu, mwenzangu alikoroga chai katika kikombe cha bati, na viganja vyangu vikalowa jasho mbele ya watu. Nilitoka nje nikashika ukuta. Hakuna aliyekuwa hatarini katika chumba kile; mwili wangu tu ndio uliokuwa umejifunza somo lake vizuri kupita kiasi.

Kwa lugha yetu tunasema mtu "ana mawazo", au "amekaa roho juu", na katika vitabu tunaandika "msongo". Neno hilo la mwisho nalipenda kwa sababu limetoka kwenye kusonga, kile kile tunachokifanya kwa mwiko sufuriani, na anayesongwa na mambo hukandamizwa kutoka pande zote mpaka anabadilika umbo. Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Montreal, aliliona jambo hilo kwa macho yake katika panya wa maabara na kulitangaza mwaka 1936. Aliwatia panya katika baridi kali, akawachosha kwa kazi, akawadunga vitu vyenye sumu, na alipowapasua aliwakuta wote na alama zile zile: tezi za adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi ambayo ni kitovu cha kinga imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Alieleza kwamba mwili hupita hatua tatu, yaani kushtuka, kustahimili, na mwisho kuchoka kabisa. Hatua ya pili ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu ndani yake mtu huonekana mzima. Nilikuwa nikiingia darasani kwa wakati, nikisahihisha madaftari, na watu wakinisifu kwa uvumilivu. Wakati huo huo nywele zilikuwa zikitoka kwenye chanuo kwa mafungu, miezi mitatu baada ya mama kuanguka, kama ilivyo kawaida ya nywele kuchelewa kutoa taarifa ya mshtuko. Siku zangu za mwezi zilipotea mara mbili mfululizo, na mimi ambaye sikuwa mpenzi wa vitu vitamu nikajikuta namaliza kashata zote kabla sijafika nyumbani.

Kuhusu kidole, jibu nililipata katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995 na Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio, Marekani. Waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu, wakawalinganisha na wanawake wengine 13 wa umri na kipato kinachofanana ambao hawakuwa na mgonjwa nyumbani, na kila mmoja akatolewa kipande kidogo cha ngozi mkononi, chenye upana wa milimita 3.5. Majeraha ya kundi la pili yalipona kwa wastani wa siku 39; ya wauguzaji yalichukua karibu siku 49. Niliisoma taarifa hiyo usiku, kwenye simu, nikiwa nimeketi pembeni ya kitanda cha mama na kidole kimefungwa bandeji, nikalia kimya kimya. Sikulia kwa huzuni. Nilihisi kwamba wanawake wale 13 nisiowajua wamenishuhudia.

Lakini sitaki niandike kana kwamba mwili ukisongwa huishia kuvunjika, maana hiyo si kweli. Mwanafunzi wangu wa zamani ni mmoja wa wagumu, wale wachukuzi wa mizigo wa Mlima Kilimanjaro, na alinieleza namna wanavyowazoesha wageni. Katika njia ya Machame, huwapandisha mchana hadi kwenye Mnara wa Lava, takribani mita 4,600, ambako kichwa huuma na pumzi hukatika, kisha jioni huwateremsha kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Kule juu mtu huanza kuhema kwa kasi zaidi, figo hutoa homoni ya kuagiza chembe nyekundu za damu, na baada ya wiki kadhaa damu yenyewe inakuwa si ile aliyokuja nayo. Mwili unauweza mlima. Usichokiweza ni kupanda tu bila kushuka jioni, na hicho ndicho nilichokuwa nimeutaka mwili wangu uniwezeshe: kulala kila usiku pale pale juu nilipofika mchana.

Kuna jambo jingine ambalo nililiandika kisha nikalifuta mara mbili, leo naliacha. Mimi ni kitinda mimba, na katika kundi la simu la familia, kaka zangu huamua mama apelekwe wapi, ale nini, na dawa gani ibadilishwe, kisha mimi natekeleza. Robert Sapolsky, aliyeanza kuwachunguza nyani wa mbuga za Kenya mwaka 1978, aliwapima homoni akakuta kwamba kundi linapokuwa limetulia, wanyonge wake ndio wanaobeba kotisoli nyingi, kwa kuwa hupokea maamuzi na vipigo vya wengine bila kujua saa wala sababu. Lakini lilikuwepo kundi moja ambalo madume yake makali yalikufa kwa kifua kikuu katika miaka ya 1980. Waliobaki wakaishi kwa upole na kusafishana manyoya kwa wingi, na wanyonge wa kundi lile hawakuwa na dalili zile za msongo. Hali yao ya chini haikubadilika, ila namna walivyotendewa ilibadilika. Baada ya kusoma hayo niliandika kwenye kundi la familia, kwa adabu na bila kuficha, kwamba siwezi tena peke yangu.

Mama mdogo alikuja kutoka Pangani mwanzoni mwa mwezi wa tano, na kikapu cha samaki wakavu na godoro lake mwenyewe. Nilimwamkia, "Shikamoo mama mdogo," naye kabla hajaitikia alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Marahaba mwanangu. Zamu ya usiku ni yangu." Wiki ya kwanza niliamka saa tisa kila siku kama kawaida, nikasimama mlangoni gizani nikiwasikiliza wote wawili wakihema, kwa sababu mlinzi niliyemweka mwilini mwangu kwa miezi mitano hakukubali kuondoka kwa kuambiwa mara moja. Wiki ya pili niliamka nikabaki kitandani. Jeraha la kidole lilifunga siku hizo hizo; sidai kwamba ni sababu ya mama mdogo, kwani huenda siku zake zilikuwa zimetimia, lakini nimeiandika tarehe.

Juzi asubuhi nilikwenda kumpa mama uji. Mama mdogo, akikunja shuka, alisema kwamba dada yake aligonga saa nane, akageuzwa, akapewa maji, akagonga tena karibu na adhana. Nilisimama na bakuli mkononi. Sikuwa nimesikia chochote. Hofu ilinipanda kutoka tumboni, nikamgeukia mama kumwomba radhi, nikamkuta ananitazama, na upande ule wa mdomo wake ulio hai umeinuka.

"Umelala," alisema, na neno lile moja lilichukua muda mrefu kutoka.