Ubongo wa roboti wa bei nafuu, huku Kigoma mwisho wa reli

Jana usiku roboti yangu ilitoka mlangoni, ikafika jikoni, ikagonga beseni la dagaa la mama, ikasimama. Sijalala vizuri kwa furaha.

Mwili haukunisumbua: kipande cha dumu, magurudumu ya kandambili, mota mbili za printa mbovu niliyopewa hapa mtaani Mwanga, Kigoma. Kazi ilikuwa ubongo, yaani kifaa cha kuiongoza. Nilitamani Raspberry Pi, kompyuta kamili ya ubao mdogo inayoendesha Linux (mfumo endeshi kama Windows), ila mfuko ukagoma. Halafu nikajiuliza, kitu cha kukwepa ukuta kinataka Linux ya nini? Arduino Uno, ubao rahisi wa kuendesha mota na sensa, nilikuwa nayo, lakini RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni KB 2 tu na haina Wi-Fi. Nikaangukia ESP32, ubao mwingine wa aina hiyo: kasi ya MHz 240, Wi-Fi na Bluetooth humo humo, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na Pi. Ikaja Kigoma kwa basi kutoka Dar, imefungwa ndani ya kopo la maziwa.

Siku ya pili nikaua pini moja, yaani mguu mmoja wa kuunganishia waya. Sensa ya HC-SR04, ile ya kupima umbali hadi ukutani, inarudisha volti 5, pini za ESP32 zinataka 3.3, na mimi na haraka zangu nikaunganisha moja kwa moja. Nimehamia pini nyingine, safari hii kupitia rezista mbili za kushusha volti, ya kilo-omu 1 na ya 2, nilizong'oa kwenye redio ya babu (yeye anajua, bibi bado).

Mama anauliza itaanza lini kuchota maji.